Darubini Iliyolinganishwa Pwani Haitoshi Nyeri

Ukitoka Nyeri mjini kwa barabara ya Nyahururu, ukaiacha Mweiga nyuma, mashamba hupungua na nyasi hutanda. Huku ndiko kwenye ranchi ya Solio, katikati ya safu ya Aberdare na Mlima Kenya, ambako faru wamelindwa ndani ya ua tangu mwaka 1970. Daktari wa wanyamapori anapomsogelea faru mwenye jeraha, mara nyingi silaha aliyoibeba haina baruti hata chembe. Inasukuma mshale wa dawa kwa hewa iliyogandamizwa au kwa gesi ya mtungi mdogo. Kwa maneno mengine, ameshika bunduki ya upepo. Ana mshale mmoja tayari, na akikosa, faru ataingia kichakani na kazi ya asubuhi nzima itaanza upya.

Nimeanza na daktari huyo kwa sababu bunduki ya upepo hudharauliwa. Wengi huiona kama mchezo wa watoto wa matajiri, na darubini iliyofungwa juu yake kama pambo. Hata wanaoipenda husema "bunduki yangu imeshalinganishwa" kana kwamba hiyo ni sifa ya kudumu ya chuma, kama rangi yake au namba iliyochongwa ubavuni. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kulinganisha darubini ni kupatana: mtutu, kirisasi, umbali, mkono wa mpigaji na hewa ya mahali alipo vinakubaliana kwamba msalaba wa darubini ukikaa hapa, kirisasi kitatua hapa. Kimoja kikibadilika, mapatano yamevunjika. Na miji inayouzunguka Mlima Kenya hubadilisha hewa haraka kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Embu iko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, Nyeri takriban 1,750, Nanyuki takriban 1,950. Mtu anaweza kunywa chai mji mmoja na kula chakula cha mchana mji mwingine, na katikati hapo hewa anayopiga ndani yake imebadilika.

Kabla ya hewa, kuna skrubu. Asilimia kubwa ya lawama zinazotupiwa darubini ni lawama za ufungaji. Bunduki nyingi za upepo zina mfuo wa upana wa milimita 11 juu ya silinda, na pete zinazoishika darubini huuma kingo za mfuo huo. Pete zilizotengenezwa kwa reli pana za bunduki za risasi hazitauma sawasawa hapo, hata ukizikaza mpaka alenki ipinde. Kwanza futa mafuta kwenye mfuo na ndani ya pete kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta ndiyo yanayoifanya darubini iteleze polepole bila mwenyewe kujua. Laza darubini, isogeze mbele na nyuma mpaka jicho lione duara zima la mwanga bila kivuli pembeni, huku shavu likiwa limetulia kwenye kitako. Skrubu zikazwe kwa zamu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari.

Halafu unyooshe msalaba. Hapa chombo bora hakiuzwi dukani: ni timazi ya fundi wa nyumba. Ining'inize kwenye tawi umbali wa mita 20, weka pima maji juu ya bunduki ili isimame wima, kisha zungusha darubini ndani ya pete mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi wa timazi. Hatua hii hurukwa sana, na gharama yake haionekani karibu. Msalaba ukiinama digrii 5 tu, kirisasi kitakwenda pembeni kama sentimita 2 kwenye mita 40, na mpigaji ataulaumu upepo.

Bunduki ya springi ina tabia yake inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa imeharibu darubini nyingi nzuri. Unapofyatua, springi husukuma pistoni mbele kwa nguvu, na bunduki hurudi nyuma. Lakini pistoni inapofika mwisho wa silinda na kugonga mto wa hewa, bunduki yote huruka mbele. Mishtuko hiyo miwili inayopingana hutokea kabla kirisasi hakijatoka mtutuni. Darubini ya bunduki kubwa ya risasi imejengwa kustahimili kurudi nyuma tu, kwa hiyo mshtuko wa kwenda mbele unaweza kulegeza lenzi zake au kukata nyuzi za msalaba, ingawa imeishi miaka mingi juu ya silaha yenye nguvu mara kumi. Mshtuko huohuo huifanya darubini itambae nyuma kwenye mfuo. Ndiyo maana pete za bunduki za springi huwa na pini ya kuzuia inayoingia kwenye tundu juu ya silinda. Anayenunua darubini aulize kwanza kama imetengenezwa kwa bunduki ya springi, ndipo aulize inakuza mara ngapi.

Swali la kukuza lenyewe nalipita haraka, maana limezungumzwa kupita kiasi. Muhimu zaidi ni umbali ambao darubini imewekwa kuona bila kudanganya. Darubini nyingi za bunduki za risasi zimewekwa kwa mita 100 hivi. Ukiitumia kwenye mita 25, jicho likisogea pembeni kidogo msalaba nao unaonekana kusogea juu ya shabaha, na kwa lenzi ya milimita 40 kosa linaweza kufika sentimita moja na nusu. Kwa bunduki ya upepo tafuta darubini yenye gurudumu la kurekebisha umbali kuanzia mita 10.

Sasa twende kwenye karatasi. Darubini hukaa juu ya mtutu, tuseme sentimita 4. Mstari wa jicho unakwenda umenyooka, kirisasi kinaanzia chini yake, kinapanda kuukuta, kinauvuka, kisha kinashuka kuuvuka tena. Chukua kirisasi cha milimita 5.5 kinachotoka kwa mwendo wa mita 180 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa bunduki ya wastani. Kikilinganishwa kwa mita 25, hesabu huonyesha kwamba kinaukuta mstari wa jicho mara ya kwanza karibu na mita 10. Kati ya hapo na mita 25 hakipandi juu ya mstari zaidi ya sentimita moja hivi. Kwenye mita 5 kiko chini kwa sentimita moja na nusu. Na kwenye mita 40 kimeshaanguka karibu sentimita 10.

Tazama hizo namba tena. Ndani ya mita 15 nzima, kati ya mita 10 na 25, mpigaji hahitaji kufikiri, anaweka msalaba anapotaka kupiga. Nje ya hapo kila mita ina bei yake. Kwa hiyo umbali wa kulinganisha huchaguliwa kwa kazi iliyopo. Anayelinganisha kwa mita 40 ili "bunduki ifike mbali" hupata sifa ya kufika, lakini katikati ya njia kirisasi chake kinapita sentimita kadhaa juu ya msalaba. Kwa bunduki ya nguvu hii, mimi nashikilia mita 25.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko ujuzi. Anza na karatasi kubwa kwenye mita 10, mbele ya ukingo wa udongo usio na mawe. Ukishaona matundu yanaangukia wapi, rudi nyuma hadi mita 25. Piga virisasi vitano bila kugusa vifundo vya darubini, hata kama cha kwanza kimekwenda kando. Tundu moja halisemi kitu. Matundu matano husema. Tafuta katikati yake, pima kwa rula hadi kitovu cha shabaha, ndipo uzungushe. Vifundo vya darubini nyingi husogeza robo ya dakika ya pembe kwa kila tiki, ambayo ni milimita 7 hivi kwa mita 100, lakini kwa mita 25 ni chini kidogo ya milimita 2. Kundi likiwa kushoto kwa sentimita 3.6, hizo ni tiki 20 kwenda kulia. Wengi huzungusha tiki 4 au 5 wakitegemea hesabu ya mita 100, hawaoni mabadiliko, wanasema darubini ni feki.

Na bunduki ya springi isilazwe juu ya kitu kigumu wakati wa kazi hii. Ilaze juu ya kiganja kilichofunguliwa, kiganja chenyewe kikae juu ya gunia la mchanga, iachwe iruke inavyotaka. Ukiibana, kundi la matundu litahamia mahali pengine. Ukija kuishika kwa mkono baadaye, litahama tena.

Hadi hapa ningeweza kuwa naandika kutoka Mombasa au Muscat. Mlima unaingiaje?

Kwenye mita 1,750 za Nyeri, hewa ina uzito wa takriban asilimia 84 ya hewa ya ufukweni. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kirisasi kitaruka mbali zaidi kwa sababu hewa inakizuia kidogo. Ni kweli, lakini kwenye umbali wa bunduki ya upepo faida hiyo ni ndogo: kwenye mita 40 tofauti haizidi sentimita moja. Jambo kubwa liko ndani ya silinda. Bunduki ya springi huvuta hewa ya mahali ilipo, na hiyo ndiyo inayoigandamiza ili kukisukuma kirisasi. Ikivuta hewa ya Nyeri, imevuta pungufu. Nguvu hushuka. Tuseme mwendo umepungua kwa asilimia 4: kirisasi kilekile kilicholinganishwa pwani kitatua chini karibu sentimita moja kwenye mita 25, na zaidi ya sentimita 2 kwenye mita 40. Hewa nyepesi iliyokuwa imsaidie mpigaji inamrudishia sehemu tu ya kile ilichomnyang'anya.

Bunduki ya mtungi, ile inayojazwa hewa mpaka presha ya bar 200 hivi, haijali urefu wa mahali kwa namna hiyo, kwa kuwa hewa yake imeshafungiwa. Yenyewe hupanda mlima na kupata ile faida ndogo. Udhaifu wake uko kwingine: presha ya mtungi hushuka kila unapopiga, na isipokuwa na kidhibiti ndani, virisasi vya mwanzo na vya mwisho havitoki kwa mwendo mmoja. Mwenye nayo ajue ni mipigo mingapi katikati ya ujazo mmoja inayokwenda sawa, na alinganishe darubini kwa mipigo hiyo.

Ya tatu ni bunduki ya gesi ya kaboni dioksidi. Hii ndiyo mlima unaoionea zaidi, kwa sababu ya baridi. Gesi hiyo hukaa mtungini ikiwa nusu maji, na presha yake hufuata joto: kwenye nyuzi 10 ni bar 45 hivi, kwenye nyuzi 20 ni bar 57, kwenye nyuzi 30 ni bar 72. Asubuhi ya Julai Nyeri, ukungu unapokaa mpaka saa nne, na saa nane mchana siku jua likichomoza, ni kama bunduki mbili tofauti. Ukipiga harakaharaka mtungi hujipoza wenyewe, na mpigo wa sita unaanguka chini ya wa kwanza ingawa mkono haukutikisika.

Kuna upepo pia. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani kufuata mabonde ya mito. Jua likipanda, mkondo unageuka na kupanda juu. Katikati kuna kipindi kifupi cha utulivu asubuhi, na huo ndio wakati wa kulinganisha. Kirisasi cha milimita 5.5 kina uzito wa gramu moja hivi. Upepo wa mita 3 kwa sekunde unaokata ubavuni, ule unaotikisa majani ya mgomba bila kuyapinda, hukisogeza zaidi ya sentimita 5 kwenye mita 40. Kulinganisha darubini ndani ya upepo ni kuuandika upepo wa siku hiyo ndani ya vifundo.

Halafu miteremko. Othaya, Tetu, Mathira: nchi yote ni migongo na mabonde, na shabaha iko chini yako au juu yako. Uvutano hufanya kazi kwa umbali wa mlalo tu. Mita 40 za kamba kwenye mteremko wa digrii 30 ni mita 35 za mlalo. Anayeinua msalaba kwa hesabu ya mita 40 atapiga juu kwa karibu sentimita 4, awe anapiga kupanda au kushuka. Hili la kupanda na kushuka kuwa sawa huwashangaza watu, nami pia lilinichukua muda kulikubali, mpaka nilipolichora.

Jambo la sheria lisirukwe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu kali. Ndege wa porini aliyekula mapera yako si shabaha; nyavu juu ya mti humzuia vizuri zaidi. Na anayefikiria kumiliki bunduki ya upepo aanzie kwa Bodi ya Leseni za Silaha, asianzie dukani wala kwa jamaa anayerudi kutoka ng'ambo na mzigo. Karatasi ya shabaha inatosha kabisa kwa mtu anayependa ustadi huu.

Turudi kwa daktari, maana kwake kanuni zote hizi zinageuka. Uwezo wa kumlaza mnyama mkubwa kwa tone dogo la dawa ulikua sana hapa Afrika Mashariki miaka ya 1960, madaktari kama Tony Harthoorn walipoijaribu etofini kwa wanyama wa porini. Dawa hiyo ni kali kiasi kwamba matone machache yakimwingia binadamu yanaweza kumuua, kwa hiyo mwenye kuishika huwa na dawa ya kuipinga karibu naye. Mshale unaoibeba ni mzito mara nyingi kuliko kirisasi, na unakwenda polepole. Tuseme unatoka kwa mita 60 kwa sekunde. Kufika mita 30 unakaa hewani nusu sekunde, na katika nusu sekunde kila kitu kinachoruka huanguka zaidi ya mita moja. Hakuna darubini inayoweza kulificha tao kama hilo kwa kulinganishwa mara moja.

Kwa hiyo bunduki za kudunga, kama zile za Dan-Inject kutoka Denmark, hufuata njia nyingine. Kuna geji na valvu. Mpigaji hupima umbali kwanza, kisha hupandisha au kushusha presha ili mshale utue kwenye msalaba ule ule. Darubini inabaki ilipo, nguvu ndiyo inayosogea. Kulinganisha kwake ni jedwali: ukubwa huu wa mshale, mita hizi, bar hizi. Msaidizi husoma kipima umbali na kunong'ona, "Daktari, thelathini na mbili," na kidole kinageuza valvu kabla jicho halijarudi kwenye darubini.

Jedwali hilo linabeba uhai. Presha ikizidi, mshale huzama mno, hupasua msuli, au huvunja mfupa wa mnyama aliyekuja kutibiwa. Ikipungua, mshale hugonga ngozi na kudondoka, au sindano huingia nusu na dawa kumwagika chini ya ngozi, na mnyama aliyelewa nusu hukimbilia korongoni au majini. Faru ana ngozi nene inayotaka sindano ndefu na nguvu ya kutosha. Bongo wa mlimani, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe anayezalishwa kwenye hifadhi iliyo Nanyuki, ni jambo jingine kabisa: ngozi laini, kichaka kizito, umbali mfupi. Inakadiriwa bongo hao waliobaki porini hawafiki 100, na wote wako Kenya. Mwaka 2004 wanyama 18 wa jamii hiyo walirejeshwa Nanyuki kutoka bustani za wanyama za Marekani. Si mbali na hapo, Ol Pejeta, wako Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, na wote ni majike. Katika nchi yenye wanyama kama hawa, kosa la bar mbili kwenye geji halina wa kulifidia.

Kuna mtu aliyezikwa Nyeri, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, ambaye namkumbuka kila ninapofikiria umbali. Jim Corbett, mwindaji wa chui milia wala watu huko India, alikuja kuishi hapa baada ya nchi hiyo kupata uhuru, akakaa kwenye nyumba ya Paxtu iliyokuwa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, akafa Aprili 1955. Bunduki yake mashuhuri, Rigby aliyozawadiwa mwaka 1907 baada ya kumuua chui milia wa Champawat, haikuwa na darubini. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kukaribia. Wadungaji wazuri ninaowasikia wakizungumza kazi yao wanasema jambo lilelile kwa maneno yao: kila mita unayoipunguza kwa miguu, kimyakimya, upepo ukiwa usoni, ni kosa moja lililoondoka kwenye jedwali. Darubini ni ya kumalizia kazi ambayo miguu imeshaifanya.

Na jedwali lenyewe halitoki kiwandani likiwa tayari kwa Mweiga. Kiwanda kiko karibu na bahari. Anayeitilia maanani kazi hii huanza siku mapema, hewa ingali imetulia, hujaza mshale maji ya kawaida badala ya dawa, na hupiga gunia lililojazwa nyasi kwenye mita 20, 30 na 40, kila umbali mara tatu. Hutazama geji, hutazama mahali mshale ulipotua, hurekebisha. Kisha huandika namba za asubuhi hiyo kwa kalamu juu ya utepe aliobandika kwenye kitako, chini kidogo ya pale shavu linapokaa, hufuta za jana, na gari huondoka.